Kengele ya Manamba

Jirani yangu wa Ngamiani alirudi kutoka hospitali na habari mbili: sikio lake la kulia limekufa, na la kushoto linafuata. Daktari alimwambia asitegemee kulitumia kwa muda mrefu. Alinieleza hayo akiwa barazani anachambua mchele, bila kuinua uso, kwa sauti ileile anayotajia bei ya mkaa. Kisha akasema, "Nataka niisikie kengele ya baba kabla sijafunga masikio."

Namwita bi mkubwa, na nitamwita hivyo humu. Ana umri wa miaka sabini na kitu, ni mjane, na watoto wake wote wanaishi mbali na Tanga. Kengele aliyoitaja imo kwenye bustani ya katikati ya mji. Ni ya chuma kizito, ukubwa wake kama sufuria ya pilau ya harusi, na imening'inizwa kwenye reli mbili zilizosimamishwa kama milingoti ya goli. Mbele yake pana kibao kinachosema ni kumbukumbu ya wafanyakazi wa mkonge na ya Uhuru wa nchi. Kibao hakina jina la mtu yeyote.

Habari zake nilizipata kwa bi mkubwa, nikazipima kwa wazee wengine wawili, na zilikubaliana katika mengi. Zamani kengele hii ilikuwa ya shamba la mkonge upande wa Maramba. Baba yake alitoka Unyamwezi akiwa kijana, akaja kukata mkonge pamoja na wengine waliosajiliwa kwa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mashine ya kukamulia majani ilipomkata vidole viwili, akaondolewa kwenye mkonge akapewa kazi ya kupiga kengele. Akaipiga miaka mingi. Mwaka wa Uhuru wafanyakazi waliamua kengele ije mjini. Hapo ndipo wazee wangu walipotofautiana: mmoja alisema waliomba wakapewa, wa pili alisema waliichukua tu, na bi mkubwa anasema alikuwa mtoto wa miaka minane, yeye alichokijua ni kwamba alipandishwa juu ya lori na kengele ikawa katikati ya miguu ya watu wazima. Ilipofika bustanini, baba yake ndiye aliyeipiga. Miaka miwili baadaye alifariki, akazikwa kulekule shambani, mahali ambapo makaburi ya manamba hayakuwekwa alama. Bi mkubwa hana picha yake. Kengele ndiyo kitu pekee anachoweza kukigusa akasema, hiki mkono wa baba ulikishika.

Tatizo ni kwamba kengele hiyo haikuwa ikilia. Mimi mwenyewe nimeizoea kwa jina la bubu, kama wenzangu wote wa mjini. Kila mwaka Siku ya Uhuru ikikaribia, inapakwa rangi za bendera: kijani, manjano, nyeusi na bluu. Siku yenyewe mgeni huweka shada la maua, hotuba zikasomwa, watu wakaondoka. Nakumbuka mwaka mmoja mtu alijaribu kuigonga ikatoa mlio kama wa mtu anayebisha hodi kwenye ukuta. Tulicheka. Baada ya hapo ikasemwa kuwa imepasuka kwa ndani, na hakuna aliyeinama kuangalia, mimi nikiwa mmoja wao.

Wiki chache baada ya habari za hospitali, bustani ilizungushiwa mabati. Inatengenezwa upya. Niliingia kuuliza, nikaelekezwa kwa mhandisi wa mkandarasi, binti wa miaka kama thelathini aliyevaa buti na kofia ya njano. Alinisalimu shikamoo, nikaitika, akanionyesha orodha yake. Ilikuwa ndefu na safi. Viti, virekebishwe. Taa, zibadilishwe. Kengele, mbovu, iondolewe.

"Inakwenda wapi?" nikauliza.

"Ghalani, mzee."

"Itarudi?"

"Hapo sijui. Orodha yangu inaishia kwenye kuondoa."

"Lini?"

"Alhamisi."

Nilipomweleza bi mkubwa, aliacha alichokuwa akifanya. Nilikuwa nimekaa upande wa sikio zima, kwa hiyo najua alinisikia. "Mbovu nani kasema?" akauliza. Nikamwambia imeandikwa. Akasema, "Wameandika bila kuuliza. Alhamisi unichukue."

Kabla ya kufika Alhamisi lazima nimtaje mtu mwingine, kwa kuwa bila yeye yaliyofuata yasingetokea. Pembeni mwa bustani yupo fundi baiskeli, mwenyeji wa Mkwaja, Mzigua, umri wake na wa bi mkubwa haupishani sana. Kwa kuwa Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtu hufuata kabila la baba, hawa wawili hawajawahi kusalimiana kama watu wengine. Wakikutana hutukanana kwanza. Asiyejua utani atadhani wanagombana. Anayejua anafahamu kwamba siku bi mkubwa alipofiwa na mumewe, fundi huyu alifika msibani mapema kuliko ndugu, akavaa kanzu ya marehemu akatembea nayo uani akiigiza mwendo wake, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Mambo ya watani msibani ni mengi. Wengine hulala ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, wakakataa kutoka mpaka wagombolewe kwa kitu. Mfiwa hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake.

Alhamisi tulifika kwa bajaji saa tatu asubuhi. Vijana watatu wa mkandarasi walikuwa wameshasimamisha mabomba matatu juu ya kengele, na kwenye mabomba hayo wamefunga winchi ya mnyororo. Lori dogo limerudi kinyumenyume, mlango wa nyuma umefunguliwa. Fundi baiskeli alikuwa ameacha kibanda chake na kuja kusimama nje ya mabati, mikono imejaa grisi.

"Binti wa manamba," akaanza. "Umekuja kuzika?"

Bi mkubwa akamgeuzia sikio la kushoto. "Semea huku. Lile halipokei tena Kizigua."

"Nasema, umekuja kuzika?"

"Nimekuja kutazama watu wanavyochukua mali ya watu. Nawe umesimama tu. Hamjaacha. Babu zenu nao mwaka wa njaa walisimama pwani, jahazi la Somalia likaja, wakapanda wenyewe kwa kibaba cha mtama wakauzwa utumwani."

"Walipanda wenyewe, hawakukokotwa kwa namba shingoni," fundi akasema. Kisha akatazama ndani ya mabati, akaacha kucheka. "Wanaipeleka wapi?"

Nikamwambia ghalani. Akajifuta mikono kwenye suruali.

Vijana walikata boliti mbili za juu, wakaanza kuvuta mnyororo. Kengele haikunyanyuka. Wakavuta tena, mmoja akaipiga kwa chini kwa patasi, na ghafla ikaachia, ikapanda juu na pete ya saruji imeganda kwenye mdomo wake. Saruji ikapukutika. Kengele ikabaki inaelea, inayumba kidogo, na lori likaanza kurudi chini yake.

Hapo ndipo fundi baiskeli alipopita kwenye uwazi wa mabati. Alitembea bila haraka hadi kwenye lori, akapanda, akatandika gunia, akalala chali palepale ambapo kengele ingewekwa. Akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Mzee, shuka," dereva akasema.

"Maiti hashuki."

"Mzee, tuna kazi."

"Na maiti hazungumzi. Mmenizungumzisha, dhambi ni yenu."

Vijana walicheka, lakini mnyororo uliwashughulisha, hawakuweza kuuachia. Mmoja akamwita mhandisi. Akaja na orodha yake mkononi, akasimama mbele ya lori, akasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Salamu naitikia. Kushuka sishuki."

"Utaumia hapo."

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Tabora. Sikonge."

Fundi akainuka akakaa. "Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Basi yamekwisha. Mimi Mzigua. Wewe ni mtumwa wangu, na hawa watumwa wako ni wangu, na hilo jeneza mnalolining'iniza nalo ni langu mpaka nigombolewe." Akalala tena.

Mhandisi angeweza kumwita mlinzi. Mlinzi alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, naye alimwangalia akingoja. Niliutazama uso wa mhandisi, na nikaona pembe ya mdomo ikimshinda. Nadhani ilikuwa muda mrefu tangu mtu amtanie hivyo, ugenini, na kofia ya njano kichwani.

"Kwetu tunasema Mzigua ndiye mtumwa," akasema.

"Kila mtu husema hivyo kwao."

"Haya, sema unachotaka. Ila mshahara haujatoka."

"Nani kakutajia hela? Unamwona huyo mama aliyesimama na kanga ya kijani? Huyo ni Mnyamwezi mwenzio. Baba yake ndiye aliyekuwa akiipiga hiyo kengele huko shambani, na ndiye aliyeipiga hapa mwaka wa Uhuru. Masikio yake yanakwisha. Mruhusu aipige pigo moja. Nitashuka, na kamba nitawasaidia kuifunga."

Mhandisi akageuka akamwangalia bi mkubwa. Akamwamkia kwa kupiga goti kidogo. Halafu akaangalia orodha, akaikunja. "Pigo moja, mama. Lakini imeandikwa mbovu, usije ukasikitika."

Bi mkubwa hakwenda kuipiga papo hapo. Aliizunguka. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa chini taratibu, kama mama anayetafuta uvimbe kwenye kichwa cha mtoto, mpaka mahali fulani mkono ukasimama. Akamwambia kijana mwenye patasi, "Kwangua hapa." Rangi ilitoka kwa matabaka, kijani juu ya manjano juu ya nyeusi, Uhuru juu ya Uhuru, nene kama chapati. Chini yake pakatokea bapa, mahali palipolika kwa kupigwa, upana wake kama kiganja cha mtoto.

Nilichungulia ndani ya kengele, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka mingi iliyopita. Hapakuwa na ufa. Hapakuwa na kidude cha kugonga wala ndoano ya kukifungia. Kengele ile haikutengenezwa kulia kwa kuyumbishwa. Ilikuwa ya kupigwa kwa nje.

Kijana akampa nyundo, akaikataa. "Nyundo inakatisha. Nipe chuma kirefu." Akapewa kipande cha nondo nene. Akakishika kwa mikono miwili, akakivuta nyuma hadi begani, akapiga juu ya lile bapa.

Sijui niueleze vipi mlio ule kwa mtu ambaye hakuwepo. Haukuwa mkali. Ulikuwa wa chini na mpana, na ulitoka polepole, kama uliokuwa umekaa muda mrefu ukisubiri nafasi. Mnyororo ulitetemeka. Nje ya mabati, mama anayeuza nyanya alisimama na fungu mkononi, na madereva wa bajaji waliokuwa wakibishana mpira wakanyamaza. Bi mkubwa aligeuza shingo, sikio la kushoto likielekea kengele, nondo bado mikononi, akabaki hivyo mpaka mlio ulipokwisha kabisa. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu kitu.

Kwenye lori, maiti akafumbua macho. "Bubu kasema," akamwambia dereva.

Mhandisi ndiye aliyeelewa kwanza. Alichuchumaa akaangalia kizingiti cha saruji kilichokuwa chini ya kengele, na alama ya duara iliyobaki juu yake. Akaangalia kengele inavyoelea. "Ilikuwa imekalishwa," akasema, kama anajisemea. "Imekaa juu ya saruji. Italiaje?"

Baadaye nilimtafuta mzee aliyewahi kufagia bustani hiyo, akanisimulia ilivyokuwa. Chuma cha kushikilia kengele kiliota kutu, na watoto walikuwa wakining'inia pale wakitoka shule. Watu wazima wakaogopa itawaangukia. Wakajenga kizingiti cha saruji, wakakipandisha mpaka kikaufikia mdomo wa kengele kiupokee uzito. Watoto wakasalimika, kengele ikanyamaza. Halafu kila mwaka ikaongezwa rangi kwa heshima ya nchi. Nilimuuliza kama hakuna aliyegundua. Alisema, "Tulikuwa tunaitunza, bwana." Sikuona cha kumlaumu.

Mhandisi alimwomba bi mkubwa apige tena.

"Ulisema pigo moja."

"Sasa nakuomba mimi."

Akapiga. Mhandisi akatoa simu, akawa anatembea huku na huku kando ya mabati, nami nilisikia upande wake tu. Hapana, siyo mbovu. Nimeisikia mwenyewe. Sasa hivi. Ndiyo, najua orodha inasemaje, orodha niliiandika mimi. Kisha: basi nipe hadi Jumatatu.

Fundi akashuka kwenye lori, akajipangusa vumbi. Kwa kuwa alikuwa ameahidi kusaidia kamba, alisaidia: akafunga kengele kwenye mabomba isiyumbe, na kwa siku nne alihamishia kazi zake ndani ya mabati akawa anaziba pancha huku akiilinda. Kila aliyepita akiuliza alimwambia amemteka Mnyamwezi na anangoja ndugu zake walete mbuzi.

Jumatatu jibu lilikuja kwamba kengele inabaki. Kizingiti kikavunjwa. Reli zenye kutu zikabadilishwa kwa nyingine. Palikuwa na mvutano kidogo juu ya rangi. Kamati ya bustani ilisema kengele ya kumbukumbu bila rangi za bendera itaonekana imetelekezwa. Mhandisi alisema rangi inaibana sauti. Wakakubaliana kwamba rangi zipakwe kwenye reli, kengele ikwanguliwe ibaki chuma kitupu. Ilipokwanguliwa ikatoka ya kahawia, na makovu mengi, na wengi walisema hawakujua ni kitu cha zamani kiasi kile.

Wiki moja kabla ya Siku ya Uhuru mhandisi alikuja nyumbani kwa bi mkubwa. Alikaribishwa bada, ugali wa muhogo, na samaki wa nazi, akala kwa adabu ya mtu asiyeijua bada lakini ameamua kuijua. Baada ya kunawa akauliza kilichomleta: siku hiyo kengele ipigwe namna gani? Ilibidi aseme kwa nguvu, mara mbili. Katika miezi ile sikio la kushoto lilikuwa limeshuka sana.

"Kulikuwa na ya kuingia kazini na ya kutoka," bi mkubwa akasema. "Ya kuingia ilikuwa ya haraka haraka, kama mtu anakukimbiza kwa fimbo. Baba alikuwa akiipiga hiyo, akirudi nyumbani hali chakula. Ya kutoka ni moja, unangoja iishe, halafu nyingine. Siku ile hapa bustanini alipiga ya kutoka tu. Nawakumbuka wanaume, walikuwa wamebeba mabango, wamebeba watoto, mwingine kabeba mzigo wa kuni sijui wa nini. Walipoisikia waliweka chini kila walichobeba. Mikono yenyewe ilikuwa imezoea."

Mhandisi aliandika yote.

Siku yenyewe hotuba zilikuwa fupi kuliko kawaida. Bi mkubwa alipewa nondo, akapiga pigo la kwanza, na nilimwona akigeuza shingo kama alivyofanya siku ile. Halafu akaishusha nondo, akamtafuta fundi baiskeli kwa macho katikati ya watu, akamwonyesha kidole.

"Mtumwa. Njoo ufanye kazi."

Watu wakacheka. Fundi akaja, amevaa kanzu safi, akapokea nondo. Bi mkubwa akasogea kwenye reli, akaweka kiganja chake juu ya chuma. Fundi akapiga. Ulikuwa mlio mzuri. Ulipofifia akainua nondo apige tena, maana sisi sote tuliona umekwisha. Bi mkubwa akatikisa kichwa.

"Bado," akasema.

Fundi akabaki na nondo hewani. Uwanja mzima ukangoja. Mimi nilikuwa na masikio mawili mazima na sikusikia kitu isipokuwa bendera ikipigwa na upepo. Kiganja cha bi mkubwa kilikuwa kimetulia kwenye reli, kama mtu anayesikiliza kwa mkono. Tulimngoja, viongozi na wanafunzi na akina mama wa nyanya, mpaka alipoinua macho akatikisa kichwa kukubali, na fundi akapiga tena.